Majina ya Sura ya Tisa

Simu ya dukani ililia saa mbili kasoro robo asubuhi, Ijumaa.

"Mna kamusi ya zamani?"

"Zililiwa na mchwa," alijibu Emiliana.

"Zote?"

"Imebaki moja. Haina jalada."

"Nakuja."

Simu ikakatika. Emiliana akageuza kibao cha mlangoni kisomeke FERMÉ, yaani kumefungwa, akavuta droo ya chini, akatoa bastola ya Glock 19 iliyolala kati ya katalogi za vitabu vya shule. Kwa watu wa soko la Gitega alikuwa muuza vitabu mpole, asiyeweza hata kumkaripia mteja anayesoma gazeti bure. Kwa watu wanne tu alikuwa jasusi, Kumi na Saba.

Mmoja wa hao wanne aliingia kwa mlango wa nyuma. Othmani, mkuu wake. Kofia ya kufuma kichwani, tasbihi mkononi. Siku hiyo hakutoa hata salamu.

Aliweka kitabu mezani.

Emiliana alikijua. *Tuliyoyaona Vilimani*. Mwandishi wake, Zaituni wa mtaa wa pili tu kutoka hapo, alikuwa ametembea kilima hadi kilima kwa miaka minne akiwasikiliza watu wakisimulia mambo ya vita. Kila aliyefungua kinywa aliahidiwa jambo moja: jina lake halitaandikwa. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, saa nne, kwenye maonyesho ya vitabu.

"Mtu wetu wa oteli ametoa hii mu begi ya mgeni mmoja," Othmani alisema. "Anaitwa Kessler. Fungua chapitre ya tisa."

Alifungua.

Sura ya tisa ilikuwa ya mashahidi. Katika nakala hii majina yao yalikuwa wazi kama jua la mchana. Jina, kilima, nyumba. Aliyesema na aliyesemwa.

Ukurasa wa 142. *Efrazia, wa Buraza. Alimwona jirani yake Fabiano akitia moto nyumba yenye watu.*

Emiliana alisoma mara mbili. Herufi hazikubadilika.

Efrazia alikuwa mama yake. Na Fabiano bado alikuwa jirani. Wawili hao walichota maji bomba moja.

"Ziko nakala ngapi?"

"Mia sita. Zitagawiwa kesho, bure, mu mifuko ya wageni. Bakubwa ya Kessler banataka nikeli ya chini ya vilima. Watu wakichomeana, vilima inabaki mitupu. Voilà."

"Wekeni kizuizi barabarani."

"Askari akifungua carton, atasoma. Akisoma, atapigia ndugu yake simu. Donc, oya, hapana. Mi sitaki mtu hata mmoja asome." Othmani alisukuma tasbihi punje moja. "We peke yako."

Emiliana hakubisha. Alichukua kioo cha kukuzia, akakiinamia kitabu. Karatasi ya ng'ambo. Wino wa ng'ambo. Lakini juu ya mgongo, pale kurasa zinapokutana na jalada, palikuwa na ufito wa nyuzi mbili, nyekundu na kijani, uliosukwa kwa mkono kama mkeka.

Mashine haisuki hivyo. Misahafu ndiyo husukwa hivyo.

"Karatasi zilivuka mpaka zikiwa hazijafungwa kitabu, ili zionekane kama za kufungia bidhaa," alisema. "Kitabu kimejalidiwa hapa hapa nchini. Na fundi wa ufito huu ni mmoja."

"Nani?"

"Shabani. Muyinga."

Dakika sita baadaye pikipiki yake, Yamaha DT 125, ilikuwa imeuacha mji.

*

Alifika Muyinga watu wakitoka kwenye swala ya Ijumaa. Mtaa ulimpokea kwa macho makavu. Mwanamke aliyekuwa akikaanga sambusa aliulizwa njia akageuzia uso mafuta yake. Emiliana akaifuata harufu ya gundi, naye akaipata karakana.

Shabani alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyopinda.

"Tumefunga," alisema.

"Nina msahafu wa kujalidi, Mzee."

"Iko wapi? Mi sioni kitu mu mikono yako. We si mtu wa msahafu."

"Mimi ni mtu wa vitabu."

"Uongo ya kwanza hiyo. Sema ya pili nikufukuze."

Emiliana akaweka kitabu juu ya meza. Mzee hakutazama maandishi. Alitazama ufito, na kidole chake kikaupapasa chenyewe, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto wake.

"Kazi yangu," alikiri.

"Unajua kimeandikwa nini?"

"Hii herufi ya bazungu mi sisomi. Nasoma ile ya Kurani tu. Ndiyo sababu balinichagua. Fundi asiyesoma hapeleki maneno." Akakisukuma kitabu. "Nilipewa kazi, nikamaliza. Toka, binti."

Emiliana angeweza kutoa bastola. Badala yake alifungua ukurasa wa 142 na kusoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye jina la kwanza alisita. Ilikuwa nukta moja tu, lakini fundi wa mambo madogo madogo aliiona.

"Huyo Efrazia iko nani kwako?"

Miaka mitatu alikuwa amefundishwa kudanganya.

"Mama yangu."

"Na huyo Fabiano iko hai?"

"Yuko hai. Ana wana watatu na mapanga yao."

Shabani akaenda pembeni, akaburura gunia.

"Mgeni aliniambia karatasi zilizoharibika nichome. Nani anachoma maandishi? Pengine jina ya Mungu iko ndani. Mi huwa nazika."

Walimtafuta mtu asiyesoma. Hawakujua kwamba mtu wa namna hiyo huiheshimu kila karatasi kuliko wao wanaoisoma.

Emiliana akaingiza mkono guniani. Makosa ya mashine, kurasa zilizopinda. Halafu prufu, kurasa za kusahihishia, za sura ya tisa. Pembeni mwa kila shahidi, jina halisi limeandikwa kwa mkono, kwa wino wa kijani.

Mwandiko huo aliujua. Ndio uliosahihisha kila prufu iliyowahi kupita Gitega. Longino, mchapishaji wa Zaituni. Daftari la majina ya siri lilikuwa limefungiwa kwenye kasha lake, kwa sababu mwandishi alimwamini kama kaka.

"Vitabu viko wapi, Mzee?"

"Mu Fuso nyeupe. Imeondoka sasa hivi tu. Longino mwenyewe alikaa mbele. Mgeni amebaki."

"Amebaki wapi?"

"Hapa," ilisema sauti mlangoni.

Kessler. Shati la kitani, bastola ya Walther yenye kizuia sauti. Kiswahili chake kilikuwa safi na baridi.

"Gunia chini, mama."

Emiliana akaliachia. Karatasi zikatawanyika sakafuni. Kessler akapiga hatua, kiatu chake kikatua juu ya moja.

"Usikanyage maandishi," Shabani alisema.

Mgeni alicheka, akageuza macho kumtazama.

Ilitosha.

Chungu cha gundi kilikuwa kikitokota juu ya mbabula, jiko la makaa. Emiliana alikipiga teke. Gundi ikamvaa Kessler mkono mzima. Risasi ikatoboa bati la paa. Goti likaingia tumboni, kiwiko kikashuka shingoni, Walther ikaanguka. Kabla mgeni hajapata pumzi, mkono wake wa pili ulikuwa chini ya presi ya chuma ya kubania vitabu, na mzee ameshika usukani wa kuikazia.

"Nikaze?"

"Karatasi hizi uzizike leo, Mzee. Huyu asichomoke tu."

"Pole pole basi." Akakaza kidogo zaidi ya alivyoambiwa.

Emiliana alikuwa tayari juu ya pikipiki, redio ya Motorola mdomoni.

"Kumi na Saba. Mgeni yuko kwenye presi ya Shabani. Njooni mumfungue."

"Na vitabu?" sauti ya Othmani iliuliza.

"Navifuata."

*

Fuso ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Kuifuata kwa nyuma kungekuwa ujinga. Longino angeiona Yamaha kwenye kioo. Akakata njia ya mkato kupitia mashamba ya maharage, akatokea chini ya mlima mrefu upande wa Karuzi.

Hapo, kama kila siku, wabeba ndizi walikuwa wakingoja na baiskeli zao. Lori likipunguza mwendo hudandia nyuma kwa mkono mmoja, likawavuta hadi kileleni. Dereva akiwaona nyuma hashtuki.

"Niazime baiskeli, kaka," alimwambia mmoja. "Wewe bakia na pikipiki yangu."

"Dada, hii inataka mkono wa chuma."

"Ninao."

Fuso ikaja ikihema. Wanaume watatu wakadandia. Wa nne alikuwa Emiliana, kitenge kimezungushwa usoni. Bati lilimkata kiganja, moshi ukamjaa kifuani. Hakuachia. Mlima ulipokaza kabisa, akaiacha baiskeli ianguke majanini, akapanda juu ya turubai, akatambaa hadi mbele.

Longino alikuwa ameteremsha kioo apate upepo. Alichopata ni mdomo wa Glock sikioni.

"Emiliana?" alishangaa. "Muuza vitabu?"

"Mwambie dereva akate kulia. Kwenye lile tanuri."

Lilikuwa tanuri la matofali, linawaka kifuani kama jini. Wachomaji walipoiona silaha waliondoka bila kuambiwa mara mbili. Dereva akakimbia nao.

"Mwanangu, nisikilize," Longino alisema, mikono juu. "Kitabu kisicho na majina ni ngano ya watoto. Wasomaji wana haki."

"Katika hayo majina, lako liko ukurasa gani?"

Longino akageuka kuitazama Fuso.

"Nimesoma sura nzima. Halimo. Shusha."

"Nishushe nini?"

"Vitabu. Maisha yako yote umekuwa ukivitoa. Leo viingize."

Akaviingiza. Katoni baada ya katoni, kwa mikono yake mwenyewe, nyusi zikimuungua, shati limelowa. Zile fito nyekundu na za kijani zilikuwa za kwanza kushika moto. Emiliana alisimama karibu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka ukurasa hata mmoja upeperuke. Harufu ilimuumiza. Mtu aliyelelewa kambi ya wakimbizi, ambako kitabu kimoja kilisomwa na nyumba arobaini, hazoei kuona vitabu vikiungua.

Jua lilikuwa bado juu watu wa Othmani walipomchukua Longino. Alikuwa hana nyusi.

*

Jumamosi, saa nne, Gitega. Zaituni alikaa nyuma ya meza akitia sahihi nakala halisi, zisizo na majina, foleni imezunguka ukumbi. Ni wachache waliouliza mchapishaji yuko wapi.

Watu wa Buraza walikuja pamoja kwa gari moja. Efrazia alivaa kitenge chake cha Jumapili. Alimpungia binti yake, muuza vitabu, kutoka mbali. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mrefu aliyenunua nakala yake na kuishika kama anashika yai.

Fabiano.

Emiliana akawasogelea, mkono wake ukaingia mkobani, ukatulia juu ya Glock.

"Efrazia," mzee alisema, "miwani nimesahau nyumbani. Nisomee kidogo. Banasema ile ya tisa ndiyo kali."

Mama alikipokea kitabu. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kambini, na bado aliongoza macho kwa kidole. Akaifungua sura ya tisa.

"*Mwanamke mmoja wa kilima kimoja*," alisoma, "*alimwona mtu akitia moto nyumba. Alimjua. Hata leo humsalimu kila asubuhi.*"

Sauti yake haikutetemeka. Fabiano alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, foleni ikasogea na kuwapita.

"Pole yake mwanamke huyo," alisema mwishowe.

"Pole yake," alisema Efrazia, akageuza ukurasa.

Emiliana akauondoa mkono mkobani. Akavaa helmeti, akapita katikati ya wasomaji hadi nje juani, na hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye kitabu chake.