Aliyesimamishwa Kwenye Pengo

Miguu ya binti ndiyo iliyoanza kuleta maneno. Ukumbi wa mazoezi una sakafu ya mbao, wenzake wakikanyaga unasikia pu, pu, lakini yeye alitua kama kitambaa. Wapiga ngoma wakatazamana, wakaendelea kupiga. Nani anataka kufukuzwa kazi?

Mwalimu wao alikuwa mama yake mzazi. Mtaani tulimwita Profesa wa Viuno, naye alijua, akacheka. Umri wake wote ulikwisha kwenye ngoma ya bibi zake: aliisomea mpaka chuo kikuu, akawa anaitungia michezo ya jukwaani. Mume alichoka kungoja chakula, akaenda zake. Sasa ngoma ile wanawake huicheza kwa mstari, na katikati huachwa pengo la mtu mmoja, haingii mtu. Profesa akaona jukwaani litaonekana kama la jino lililong'oka. Akamsimamisha pale bintiye wa pekee.

Mama mdogo wa Profesa, aliyemfundisha ngoma yenyewe na anayejua kutoa majini, alipita mazoezini. Akanusa. Palinuka nywele zilizoungua.

"Umemweka nani pale?" akanong'ona.

"Mjukuu wako, Mama Mdogo. Si unaona anavyocheza?"

"Anayecheza simjui. Pale pana mwenyewe, nilikwambia tangu hujaota matiti. Mtoe mtoto leo."

"Onyesho ni kesho. Wageni wote wale wanakuja kuona kazi yangu. Likiisha tu, namtoa."

"Likiisha utamtoa nani?"

Kesho yake taa zikawaka, ngoma zikalia, na binti akazunguka, akazunguka mpaka wenzake wakasahau hatua wakabaki kumtazama, na kila alipohema zikasikika pumzi mbili, moja yake na nyingine nzito kama ya ng'ombe, na shingo ikageuka nyuma kuliko shingo inavyogeuka, na ile harufu ikashuka mpaka viti vya mbele, na watu, badala ya kukimbia, wakasimama wakapiga makofi.

Nyumbani Mama Mdogo alifukiza, akasoma, akaamuru. Jini akajibu kwa kinywa cha binti, kwa upole kabisa:

"Wazee walinipa pa kusimama. Huyu mwalimu kanipa nyumba. Nihamie wapi?"

Mama Mdogo akafunga mkoba wake.

"Mimi namtoa aliyevamia," akamwambia Profesa. "Huyu umemkaribisha."

Asubuhi ukaja mwaliko mwingine, ukumbi mkubwa zaidi. Profesa alikuwa kitandani anamchana binti nywele huku analia. Binti akageuka. Hakusema mama.

"Mwalimu," akauliza, "safari hii tunacheza wapi?"

Profesa akafuta machozi, akamtajia ukumbi.