Punje za Njano za Madam Consolatha

Ifahamike kwa wakazi wote wa Tabora, Urambo, Igunga na hata Usinge, kwamba Ijumaa iliyopita sayansi ya dunia nzima iliporwa. Kilichoporwa kilikuwa nusu kikombe cha punje za njano, kutoka kwenye kopo lililowahi kuwa la siagi ya karanga.

Inspekta Kabula alifika kwenye maabara ya shule yetu Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwandishi wake wa maelezo alikuwa Urambo, akitoa ushahidi mahakamani. Inspekta akaomba mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka. Akapewa kijana wa kidato cha tano, mwenye heshima zake, ambaye kwa unyenyekevu tutamwita katibu.

Kabati halikuvunjwa. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo. Kopo lilikuwa mahali pake, tupu.

"Mwangaluka, mwalimu," Inspekta alimwamkia kwa lugha ya kwao. "Punje hizi zina thamani gani?"

"Mwangaluka, afande. Dukani, hazina. Kwangu ni miaka minne."

Madam Consolatha hufundisha kemia, na haketi anapoeleza.

"Kuna vishada vya metali iitwayo molibdeni na oksijeni, vidogo mno. Vinasaidia kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yawe dizeli. Ila vikiwa peke yake vinayeyuka. Ukivitumia mara moja, vimekwenda. Mimi nimevifunga kwenye punje za polima, yaani plastiki. Ukimaliza unachuja, unaosha, unatumia tena."

"Plastiki inashika, vishada vinafanya kazi," alisema Inspekta.

"Ukitenganisha, huna kitu. Jumatatu wanakuja watu wa chuo kikuu kuzipima. Zisipokuwepo, shahada ninayosomea imekwisha."

Katibu aliandika yote kwa herufi za kupendeza.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja tu, wa Mzee Murtadha, mtunza maabara, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Ukoo wake ulifika Tabora na misafara ya biashara ya kale, na kwa maneno yake mwenyewe haujawahi kupoteza mzigo wa mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jana saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Ilikuwa Ijumaa."

"Na ufunguo?"

"Msumarini, hapo ukutani. Siendi nao kuswali, unanibana."

"Ulimwacha nani humu ndani?"

"Sikumbuki."

"Mzee, nimeambiwa unakumbuka jina la babu wa babu yako."

"Huyo namkumbuka."

"Na wa jana?"

"Wa jana ndiye mgumu."

Inspekta alifunga kalamu yake. "Ufunguo ni wako, kopo ni tupu. Itabidi twende kituoni."

"Twende, binti yangu. Ngoja nivae kofia."

Katibu aliandika hilo pia, ingawa herufi hazikupendeza kama mwanzo.

Inspekta alichukua maelezo ili mzee ayatie sahihi. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila kona ilikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu.

"Kalamu ni nyeusi," alisema. "Mwalimu, rangi hii unaijua?"

Madam Consolatha aliipeleka karatasi dirishani. Akaiinua kwenye mwanga.

"Molibdeni. Vile vishada vya njano vikikutana na vitamini C hugeuka buluu. Limau huvifanya hivyo. Ubuyu pia."

"Katibu, mfukoni mwako mna nini?"

"Ubuyu, afande."

"Ubuyu ni mwekundu. Hilo dole mbona ni la buluu?"

Kopo la ubuyu lilitolewa kwenye tranka la katibu, bwenini. Mwizi alikuwa amefikiri kwa akili ya bweni: punje zifiche ndani ya punje. Amekaa vipindi vyote vya kemia, na bado akazifukia kwenye ubuyu wenye unyevu. Zilikuwa buluu kama wino.

"Haidrojeni peroksaidi itazirudisha njano," alisema Madam Consolatha, akizichambua moja moja kwa koleo. "Nadhani."

Katibu ni mimi. Msomaji mwenye akili ameshajua, wengine wanisamehe.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Ulikuwa mzaha, afande."

"Mzee amevaa kofia kwenda mahabusu kwa ajili ya mzaha?"

Mzee Murtadha alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani. Hakuwa akinitazama. Ijumaa ile, kabla ya kwenda kuswali, aliniambia niendelee kuosha chupa, akirudi tutakunywa chai.

"Watu wa chuo wakizipima zikafaulu, watamchukua Madam," nikasema. "Mwalimu wa fizikia walimchukua hivyohivyo. Tumejifundisha wenyewe mwaka mzima. Madam akiondoka hatabaki mtu."

Madam Consolatha aliweka koleo chini.

"Eliya, mimi sijaomba kuhama."

"Hata yeye hakuomba, Madam."

Akalichukua tena koleo. Inspekta alisukuma karatasi mpya mbele yangu.

"Andika."

"Niandike vipi, afande?"

"Kama ulivyosema. Bila mapambo."

Nikaandika: Naitwa Eliya Mathias, kidato cha tano. Punje nilizichukua mimi. Mzee Murtadha alikuwa anaswali.