Kavugho Alivyojikondesha kwa Ajili ya Mama Mkwe

"Vuta pumzi ndani. Ndani zaidi. Usiitoe."

"Exaucée, niko nakufa."

"Hakuna mtu aliyekufa kwa mkanda. Vuta."

Nyuma ya pazia la duka lake dogo la ushonaji pale Old Kampala, Kavugho alisimama na blauzi imepandishwa hadi kifuani, huku rafiki yake akimbana tumbo kwa mkanda mweusi wa mpira, kwa nguvu zile za mtu anayefunga gunia kwenye pikipiki. Chini ya mkanda kulikuwa na nailoni, na chini ya nailoni kulikuwa na pilipili ya kusaga iliyochanganywa na mafuta ya kupaka watoto. Ndiyo, pilipili. Msiniulize mimi, waulizeni wauza urembo wa Kampala.

"Inaungua."

"Hayo ndiyo mafuta yanayeyuka. Wewe shona tu, mkanda utafanya kazi yake."

Exaucée alikuwa Mkongo mwenzake, msusi na muuza vipodozi, na maneno yake yangeweza kumuuzia samaki maji. Alikuwa amempitisha Kavugho kwenye kila kitu. Ilianza supu ya kabeji, asubuhi, mchana na jioni, mpaka vitambaa vya wateja navyo vikaanza kunuka kabeji. Ikaja ndimu na maji ya moto. Vikaja vidonge vya kijani visivyo na jina, vilivyoufanya moyo wake udunde hovyo, akaviacha mwenyewe. Mwisho ikaja chai. Pakiti yake ilikuwa na picha ya mwanamke asiye na tumbo hata kidogo, na kazi ya chai ile ilikuwa moja tu: kumkimbiza mtu chooni. Ufunguo wa choo cha jengo lile ulikaa kwa Rukiah, muuza shanga wa jirani. Rukiah alishachoka kuuliza. Akimwona Kavugho anatoka mbio, anamnyooshea ufunguo na kuendelea na shanga zake.

Kukonda alikonda, tusimnyime haki yake. Mashavu yaliingia ndani. Gauni lake la harusi, alilojishonea mwenyewe, alikuwa amelipunguza ubavuni mara nyingi hadi pindo za ndani zikawa nene kama kamba.

Na yote haya yalianzia kwenye sentensi moja ya mama mkwe.

Ocira, mchumba wake, alikuwa askari polisi, Mwacholi mrefu, mpole, aliyekuja dukani siku moja kushonewa kifungo cha shati la kazi na akarudi wiki nzima na vifungo vingine ambavyo, mimi nadhani, alivikata mwenyewe. Walipokubaliana, alimpeleka Bukoto kwa mama yake, Mama Adoch, mjane wa mwanajeshi. Mama yule alimzunguka Kavugho, akamshika mkono wa juu, akaupima kwa vidole, kisha akapiga makofi na kucheka.

"Ocira, huyu mnene. Mnene sana. Mnene kabisa."

Akamwita hadi jirani aje aone.

Kule Butembo, Kongo, alikozaliwa, Kavugho angecheka naye na mambo yangeisha. Lakini alikuwa ameishi Kampala miaka mingi akipima viuno vya wanawake wa mjini, na kila mmoja aliingia dukani na wimbo uleule: punguza hapa, ficha hapa, nionekane mwembamba. Sikio lilikuwa limeshabadilika. Alitabasamu mbele ya mama mkwe, akalia njia nzima hadi Kasubi alikoishi na shangazi yake. Kesho yake akamwambia Exaucée, na Exaucée akasema, "Huyo mama amekuchukia. Tuanze na kabeji."

Ocira hakuyaona haya. Wiki ileile alihamishiwa Kitgum, kaskazini, kwa miezi kadhaa, wakabaki kupendana kwa simu. Kavugho alienda Bukoto Jumapili baada ya Jumapili kumsalimu mama, kama adabu inavyotaka, na kila Jumapili akakataa chakula.

"Nimeshiba, mama."

"Wewe nakula wapi?"

"Nyumbani, mama. Naomba ufunguo wa choo."

Mama Adoch alimtazama anavyoondoka, akafunika sahani.

Siku ile ya pilipili, mkanda ukiwa bado unaungua, simu ikaita. Kavugho alimwashiria Exaucée atoke nje.

"Mpenzi wangu," Ocira alisema. Sauti yake haikuwa ile ya kawaida. "Uko salama?"

"Niko. Mbona unaongea chini hivyo?"

"Mama amenipigia. Anasema tungoje kidogo na harusi."

Kavugho akakaa juu ya marundo ya vitenge.

"Tungoje nini?"

"Nitakuja nikueleze uso kwa uso. Si ya kusema kwa simu."

"Ocira, gauni liko tayari. Shangazi ameshaongea na mchungaji. Watu wa Butembo wanajua. Tungoje nini?"

"Nakuomba, Kavugho. Nipe siku chache."

"Yeye amesema hanitaki?"

Ocira alinyamaza. Kimya kile kilimuuma kuliko pilipili.

"Hajasema hivyo," alijibu mwishowe.

"Basi amesema vipi?"

"Nitakuja."

Simu ikakatika. Kavugho aliinuka, akajitazama kwenye kioo cha wateja, akajishika kiunoni. Aliamini ameelewa. Yaani baada ya njaa yote ile, kwa yule mama bado hajapungua vya kutosha. Aliumia sana, na ndani ya maumivu yale kulikuwa na hasira ndogo iliyomsaidia kusimama.

Jioni alimwandikia: "Kama mama yako ananiona mnene sana kwa mtoto wake aniambie mwenyewe. Jumamosi niko naenda Bukoto. Pete nitaiacha mezani."

Jibu likaja haraka: "Mnene? Kavugho unaongea nini? Usiache kitu. Napanda basi usiku wa Ijumaa."

Hakulijibu.

Jumamosi alivaa gauni jekundu lililobana, alilolipunguza jana yake ili mama aone kila kilichoondoka. Hakunywa hata maji. Alipobisha, Mama Adoch alifungua, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akashika fremu ya mlango.

"Ingia, mtoto. Kaa. Kaa upesi."

"Sitakaa, mama. Nimekuja kuuliza."

"Uliza umekaa."

Kavugho akakaa, kwa sababu njaa ilikuwa imekubaliana na mama. Ndani kulinukia mboga ya simsim, ufuta wa kusaga, na sahani zilikuwa mezani. Picha ya baba yake Ocira ilining'inia ukutani, akiwa kwenye magwanda, amejaa shingo na mabega.

"Mama, siku ya kwanza uliniambia mimi ni mnene. Nilisikia. Nimekunywa chai, nimekula majani, nimejifunga pilipili tumboni mpaka ngozi imetoka. Sasa unamwambia Ocira tungoje. Unataka nipungue mpaka wapi? Sema, nijue. Kama siwezi kufika, pete yenu hii hapa."

Alitaka kuivua pete kwa kishindo. Haikuhitajika. Aliinamisha mkono tu, pete ikateleza yenyewe kwenye kidole, ikagonga meza.

Mama Adoch aliitazama ile pete. Kisha akauliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Chai gani?"

"Ya kupunguza mwili, mama."

"Wewe nakunywa dawa ya kukonda? Wewe mwenyewe? Kwa kutaka?"

"Ndiyo."

"Hiyo kwenda chooni kila saa, ni chai?"

"Ni chai, mama."

Mama yule akafunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Kavugho hakujua kama analia au anacheka, na nadhani hata mwenyewe hakujua.

"Sikia, mtoto," alisema alipoweza. "Angalia ile picha. Baba ya Ocira. Mnene, eh? Mimi nilipenda hivyo. Halafu alianza kukataa chakula. Anasema nimeshiba. Anaenda choo, anarudi, anaenda. Mimi nakaza suruali yake ya kazi na sindano. Leo nakaza, mwezi mwingine nakaza tena. Mpaka hakuna kitu ya kukaza. Halafu dada yangu Ayot, hivyo hivyo. Hapa Uganda siku zile tuliita slimu. Ulikuwa unaona mtu nakonda, unaanza kulia kabla hajalala kitandani."

Slimu, yaani Ukimwi; Kavugho alilijua jina hilo. Sindano na suruali alivielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote, maana alikuwa amefanya hivyohivyo na gauni lake.

"Sasa wewe nakuja hapa Jumapili," Mama Adoch akaendelea, "na kila Jumapili uko mdogo. Mimi nasema, Mungu, tena? Kwa mtoto wangu tena? Nikaogopa. Nikaona haya kukuuliza. Nikamwambia Ocira ngoja."

"Lakini siku ile ulicheka, mama. Ulimwita mpaka jirani."

"Nilimwita aone mtoto amenona. Anang'aa. Nilisema mnene kwa kushukuru. Mimi naweza kutukana mtu kwa nyumba yangu na kuita jirani asikie?"

Kavugho akajishika kiuno alichokipunguza. Kumbe alikuwa amesifiwa. Miezi yote ile ya kabeji, ndugu zangu, kwa sababu ya sifa.

Machozi yakamtoka, na Mama Adoch akavuta kiti karibu, akamfuta kwa ncha ya leso yake. Katika hali hiyo ndipo Ocira alipowakuta, vumbi la barabara ya Kitgum bado kwenye viatu, begi begani. Alimtazama Kavugho, na begi likashuka lenyewe hadi sakafuni.

"Mpenzi wangu, umekuwa hivi?"

"Ni chai," mama alimjibu kabla yake. "Anajikondesha kwa kutaka. Alidhani mimi namtukana."

Ocira akapiga magoti mbele ya kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe, kwa nini hukuniambia mama anaogopa nini? Uliniacha nikae na kimya chako."

"Niliogopa neno lenyewe," Ocira alisema. "Baba alikufa nikiwa mdogo, na nyumba hii hatulitaji. Nisamehe. Ningekuuliza tu, mambo yangeisha siku ileile."

"Nami nisamehe. Nilimsikiliza Exaucée kuliko wewe."

Ocira akaitwaa pete mezani, akamrudishia Kavugho kidoleni. Ikateleza tena. Akaitia kwenye kidole gumba chake, wakacheka wote wawili. Kisha Kavugho akakaa wima.

"Mama, chai au si chai, maneno ni maneno. Sitaki uingie kanisani na hofu. Leo twende tukapime. Mimi na Ocira, uone kwa macho yako."

"Kliniki iko hapo chini," Ocira alisema. "Mimi niko tayari."

"Na wewe, mama, ukae nasi kwenye benchi."

Mama Adoch aligeukia meza. Alianza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama?"

"Mimi sijawahi kupima," alisema bila kugeuka. "Tangu azikwe. Watu walisema nenda, nikasema kesho. Nikakaa na hiyo kesho mpaka mvi."

Ocira aliduwaa. Kumbe mama aliyemlea peke yake, aliyesimama kila asubuhi kama hana tatizo, alikuwa anangoja kufa kimyakimya miaka yote hiyo.

Kavugho ndiye aliyeinuka. Alizichukua zile sahani kutoka mikononi mwa mama, akaziweka chini.

"Basi tunaenda watatu, mama. Ukiogopa, unanishika mimi. Bado nimebaki na nyama kidogo ya kushika."

Kwanza wakala, kwa sababu Mama Adoch aliapa hatoki nje na mtu mwenye njaa. Kavugho alikula simsim hadi sahani ikaonekana chini, mkanda wa Exaucée ukiwa umeshavuliwa na kutupwa kwenye pipa la taka. Kisha wakateremka polepole hadi kliniki, mama katikati. Walichomwa vidole, wakakaa kwenye benchi la mbao. Mama alimshika Kavugho mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Muuguzi aliwaita mmoja mmoja. Ocira salama. Kavugho salama. Mama Adoch aliingia mwisho, akachelewa kutoka. Alipotoka alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Mama, wamesemaje?" Ocira aliuliza.

"Wamesema hakuna. Nikawaambia angalieni tena. Wakaangalia tena. Hakuna."

Akakaa kwenye benchi, akalia kwa utulivu, machozi ya mtu aliyetua mzigo mkubwa sana. Walimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akajifuta, akaweka leso vizuri, akanyoosha mkono.

"Harusi ni Desemba. Sitaki kusikia tena habari ya kungoja. Ocira, nipe simu. Iko na namba ya Oloya?"

"Oloya yupi? Sajini Oloya? Yule aliyehamia Gulu?"

"Alikuja kuniposa, wewe ukiwa shule. Nikamfukuza na mwiko. Nilimwambia simpendi." Akatazama sakafu. "Nilimpenda. Niliogopa kumuua."

Ocira alitafuta namba, akampa simu. Mama akasogea hadi dirishani, akawapa mgongo.

"Oloya. Ni mimi, Adoch." Akasikiliza. "Hapana, hakuna mtu amekufa. Mimi mzima. Nasema, mzima kabisa." Akasikiliza tena, sauti yake ikalegea. "Bado unakaa peke yako? Basi mtoto wangu naoa Desemba. Nataka uje."

Kavugho aliegemea bega la Ocira, akasubiri. Mama Adoch alirudi na simu mkononi, uso umemlainika kabisa, anatazama pembeni kwa aibu.

"Anasemaje, mama?" Kavugho aliuliza.

"Anauliza kama lazima angoje mpaka Desemba."