Mgongo wa Mwalimu Elieza

Elieza Mbogoni aliingia dukani akiwa amejishika kiuno, akatumbukiza mkono kwenye pete ya chuma iliyokuwa juu ya kaunta. Pete ilijikaza taratibu kwenye kifundo cha mkono wake. Kwenye kioo kilichokuwa ukutani pakachorwa umbo la mwanamume, mabega mapana, shingo nene, na katikati ya mgongo wake pakawaka doa jekundu lililokuwa likipwitapwita. Mashine ikatamka kwa sauti ya upole kwamba maumivu yalikuwa ya nguvu ya sita, yakianzia mgongoni, hayajashuka miguuni. Kisha ikachapa bandiko dogo lenye ukubwa wa ukucha na kulisukuma nje kupitia tundu lake.

Mfamasia, Foibe Chilongani, alimbandika mteja wake pale mashine ilipoelekeza. Kabla hajamaliza kutupa karatasi ya nyuma, Elieza alikuwa amenyooka. Alijipinda kulia, akajipinda kushoto, akainama akagusa vidole vya miguu, akacheka peke yake.

"Dada Foibe," alisema, "hii si dawa. Huu ni msamaha."

Mashine ile iliitwa Msikilizi. Haikuwa ikimuuliza mtu lolote. Ilisikiliza umeme mdogo unaopita kwenye mishipa ya fahamu, ikatambua ni mshipa upi unapeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo, na taarifa hizo zina nguvu kiasi gani. Bandiko lake, kinyamazishi, lilirusha umeme wa kupingana na ule, kwa mshipa huo mmoja tu, na mshipa ukanyamaza kwa wiki nzima. Mtu hakulewa, hakusinzia, hakuharibu tumbo.

Foibe aliipenda Msikilizi, na alikuwa na sababu. Kabla haijaletwa Dodoma alikuwa ameuza vidonge kwa miaka mingi katika duka hilohilo la mtaa wa Ilazo. Aliwajua watu waliomeza dawa za mgongo kama karanga mpaka wakatapika damu. Alimjua mama mmoja aliyetibu magoti akaua figo. Mashine ilipokuja, mambo hayo yalikoma, na yeye aliona kwa macho yake yakikoma.

Miezi ya mwanzo aliendelea na maswali aliyofundishwa chuoni. Maumivu yalianza lini? Yanakuamsha usingizini? Umepungua mwili? Unatoka jasho usiku, miguu inakufa ganzi, haja ndogo inakupa taabu? Majibu ya namna fulani yalimaanisha kwamba maumivu hayo si ya kutibiwa dukani, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na wateja hawakupenda kuulizwa habari za haja mbele ya majirani wakati mashine ilishajua panapouma. Mmoja alimuuliza kwa adabu kama haiamini mashine yake mwenyewe. Foibe akapunguza maswali, kisha akabakiza moja, kisha akawa anauliza tu habari za nyumbani. Hakuna aliyemwamuru.

Elieza alikuwa msimamizi wa roboti za mashamba ya zabibu, nje kidogo ya jiji. Roboti zilikata matawi na kuvuna, naye alitembea kati ya mistari ya mizabibu kutwa, akizikwamua zilipozongwa na waya na kuzinyanyua zilipoanguka. Mtaani, hata hivyo, walimjua zaidi kwa kazi yake ya jioni. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwaya yake iliimba vizuri kiasi kwamba watu wa madhehebu mengine walisimama nje ya uzio wa kanisa wakati wa mazoezi. Kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila aliporudi, doa jekundu kwenye kioo lilikuwa dogo kuliko mwanzo. Maumivu yalishuka hadi nne, yakashuka hadi tatu, baadaye mbili. Mashine iliandika chini ya umbo lake kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Foibe alimwonyesha kioo, na wote wawili wakafurahi. Mwalimu alimsimulia habari za tamasha la kwaya za kanda ya kati, ambalo mwaka huo lilikuwa lifanyike Dodoma, na jinsi sauti za chini zilivyokuwa zikimsumbua. Alibandikwa, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi ya siku ya tamasha aliyeingia dukani alikuwa mkewe, Damari. Alikuja kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Foibe alimuuliza Mwalimu anaendeleaje, kwa namna watu wanavyoulizana tu, na Damari akajibu kwamba hajambo kabisa, mgongo ameshausahau. Ila kazi za mavuno zilikuwa zimemmaliza. Suruali zote sasa anazifunga kwa mkanda wa ziada. Na jasho, hasa usiku, kiasi kwamba kila kukicha ni kuanika mashuka.

Foibe aliacha kuandika maelekezo ya dawa.

"Na miguu?" aliuliza.

Damari alicheka kidogo. Alisema siku hizi mumewe amekuwa kama mtoto, anavuka kizingiti kandambili inabaki nyuma, naye anaendelea kutembea na mguu mtupu bila habari. Watoto humcheka. Alipoona uso wa Foibe, kicheko chake kilikatika.

"Mdogo wangu, mpigie simu aje hapa sasa hivi," Foibe alisema. "Asipitie popote."

Elieza alikuja akiwa amevaa sare ya kwaya, shati la zambarau na suruali nyeusi. Wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye basi barabarani. Foibe alimkazia macho tangu mlangoni, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na akaona mambo ambayo hakuyaona wiki zote zile. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba. Kola ilining'inia. Mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuza kidogo sakafuni, na mgongo, pale katikati, ulikuwa umetokeza kinundu kilichoinua shati.

Alimuuliza anaumwa wapi. Elieza akasema haumwi popote, na ili kumaliza ubishi akatumbukiza mkono kwenye pete. Msikilizi ikasema maumivu ni ya nguvu ya moja.

"Unaona," alisema Elieza.

Foibe aliona. Mashine ilikuwa inamsikiliza mtu iliyemziba mdomo yenyewe, kisha inaandika kwamba mtu huyo hana la kusema. Wiki baada ya wiki ilikuwa imepima kazi ya mabandiko yake na kuiita kupona.

Alimwomba avue kinyamazishi ili apimwe bila hicho. Elieza alikataa. Alisema ana watu kwenye basi, ana saa chache kabla ya kupanda jukwaani, na kwamba hata gari zima huwezi kulifungua injini kulikagua siku ya safari. Hakusema kwa ukali. Foibe naye hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba kama hakuna kitu, ataliona hilo kwenye kioo kwa dakika moja, atambandika upya, na yeye mwenyewe atafunga duka aende kumsikiliza. Damari alimwita tu kwa jina la mtoto wao: "Baba Tulo."

Elieza alipandisha shati. Foibe akalibandua bandiko.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, na Elieza akaanza kutabasamu. Kisha rangi ikamtoka usoni. Alishika kaunta kwa mikono miwili, akashuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni, kinywa wazi, bila sauti. Kwenye kioo doa jekundu lilitanda mgongo mzima, likateremka hadi mapajani. Msikilizi ikatamka tisa, kwa sauti ileile ya upole. Chini ya magoti umbo lilikuwa jeusi. Hapakuwa na taarifa yoyote iliyopanda kutoka huko.

Foibe aliita gari la wagonjwa, kisha akapiga magoti kando yake. Elieza alikuwa amepata pumzi.

"Nirudishie," alisema.

Bandiko lilikuwa bado kwenye kiganja cha Foibe, zima, likifanya kazi. Damari alilitazama, akamtazama na Foibe. Nje, basi lilipiga honi.

Hakumrudishia. Alijua kwamba maumivu yakinyamaza Elieza atasimama, atapanda basi, atasimama jukwaani mchana kutwa juu ya mgongo ambao huenda ulikuwa unavunjika. Alimweleza hivyo, lakini mtu aliye katika hali ile hasikii maelezo. Elieza alimwomba Foibe kwa jina lake, akamwomba kwa jina la Mungu, akamwambia Damari amnyang'anye. Damari aliinama akamkumbatia mumewe kichwa, akalia. Foibe alikifumba kiganja chake mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipoingia na machela.

Hospitalini walikuta vijidudu vya kifua kikuu. Havikuwa kifuani bali vilikuwa vimejichimbia kwenye pingili za mgongo. Daktari alisema huo ni ugonjwa wa zamani, dawa yake ipo na ni rahisi, na Elieza angeanza kuimeza jioni hiyohiyo. Tatizo lilikuwa pingili. Mbili zilikuwa zimesagika na kuporomoka, zikaikandamiza mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Kama angeletwa wakati maumivu yalipokuwa ya nguvu ya sita, alisema, angemeza dawa na kuendelea kuvuna zabibu. Sasa atapasuliwa, na habari ya kutembea itajulikana baadaye.

Kwaya iliimba siku ile bila mwalimu wao. Foibe hakwenda.

Aliipigia simu kampuni iliyotengeneza Msikilizi, na baada ya kuzungushwa kwa watu kadhaa akampata mhandisi aliyekubali kumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mstaarabu. Alimpa pole kwa sauti iliyoonyesha kwamba imemgusa kweli. Halafu akasema, "Mama, mashine haikukosea. Iliulizwa habari za maumivu, ikajibu habari za maumivu. Mengine yalikuwa yameachwa kwa mfamasia. Yameandikwa kwenye mwongozo." Foibe alijua kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Tangu siku hiyo aliweka kiti mbele ya kaunta. Kila aliyekuja kubadilishiwa kinyamazishi alitakiwa avue cha zamani kwanza, akae, aumwe kidogo, ajibu maswali. Wateja walinung'unika. Wengine walivuka barabara kwenda kwenye duka jipya lenye mashine kama hiyo na lisilo na kiti. Katika waliobaki alimpata binti mwenye maumivu ya kichwa yanayomwamsha usiku, akampeleka hospitali, na huko wakakuta hana chochote cha kutisha. Mama yake akaja dukani kulalamika kwamba wamepotezewa siku. Foibe aliomba radhi. Aliendelea kuuliza.

Ilimchukua muda kupata moyo wa kwenda wodini. Alipofika alimkuta Elieza ameegemezwa kwenye mito, amekonda, macho makubwa. Damari alisimama akampisha kiti, akasema anakwenda kuchota maji ya chai. Foibe alianza kwa kuomba radhi kwa kumnyima bandiko siku ile, akiwa ameyapanga maneno njiani. Elieza aliinua mkono akamzuia.

"Hilo nilikusamehe palepale sakafuni," alisema. "Nilikutukana moyoni, lakini nilijua unanizuia nisife." Akaushusha mkono. "Kuna lingine. Mashine kama ile iko stesheni, ninaposhukia nikitoka kazini. Iko pia sokoni. Mimi nilikuwa nazipita zote mbili nakuja kwako. Damari alikuwa ananiuliza mbona nazunguka. Nilimwambia kule kuna dada Foibe, ananiangalia."

Foibe alivuta kiti karibu, mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akauliza maswali aliyopaswa kuyauliza siku ya kwanza, moja baada ya jingine, bila haraka. Elieza aliyajibu yote. Alisema yalianza wakati wa kupogoa mizabibu, si wakati wa mavuno. Alisema yalikuwa yakimwamsha alfajiri hata kabla hajabandikwa. Alisema alishaona kwamba anapungua, akadhani ni uzee, akaona aibu kumwambia mtu.

"Na sasa, unaumwa wapi?"

"Hapa paliposhonwa," alisema, akionyesha ubavuni, walikopitia kuufikia mgongo. "Na kiuno, nikigeuzwa. Madaktari wananipa dawa, maumivu yanapungua. Mapajani kama sindano." Alitazama upande wa chini wa kitanda, kwenye shuka lililofunika miguu yake. "Kuanzia magotini hakuniumi. Huko ndiko ninakotaka kuniume, dada. Kila asubuhi nikiamka nasubiri paume."

Foibe aliinuka, akaenda upande wa miguuni, akalikunja shuka. Miguu ilikuwa ya baridi na mikavu, yenye alama za zamani za waya wa shambani. Elieza alikuwa anamtazama usoni.

"Hebu nishike mguu," alisema. "Nione."

Foibe alikuwa ameshaushika.