Vumbi Nyuma ya Chujio

Injini ilianza kukohoa saa nne asubuhi, na Koleo akatabasamu. Halikuwa tabasamu la kumwonyesha mtu. Aligeuzia uso dirishani, ambako dhoruba ya vumbi ilikuwa imeshalimeza jua, akaisikiliza pikapu ikikosa nguvu hatua kwa hatua, moshi mweusi ukitoka nyuma, turbo, feni ya kusukumia injini hewa, ikipiga mluzi mwembamba wa kitu kinacholiwa.

"Dizeli mbaya hii," alisema mwanamume aliyeshika usukani.

"Labda," alijibu Koleo.

Mwanamume huyo aliitwa Bingwa, jina alilojipa mwenyewe. Alikuwa na duka la vipuri vya magari ya porini, na kitu kilichomtajirisha ni chujio la hewa lenye umbo la koni, jekundu, linalong'aa. Ukilinunua, aling'oa kasha la hewa lililotoka kiwandani, akalirundika nyuma ya duka, akalifunga koni lake wazi chini ya boneti. Gari lilinguruma vizuri mno. Madereva wa yadi kuu ya magari walipenda mngurumo ule kupita kiasi. Ilikuwa fahari kuingia yadini ukisikika kabla hujaonekana. Ila sponji ya chujio lile ilitakiwa ipakwe oili, maana oili ndiyo inayoshika vumbi. Bingwa aliifunga kavu. Oili inachafua rangi, na mteja anataka ling'ae.

Miezi kumi na minne iliyopita, kaka yake Koleo, dereva wa wapima ardhi, alikufa kwa kiu katika uwanda huu huu, kivulini mwa gari lililozimika. Bingwa alisimama mbele ya watu, akasema kwa kinywa kipana kwamba dereva yule alikuwa mlevi na mvivu, hakusafisha chujio. Watu wakaamini, maana wa kujibu alikuwa kaburini. Mama yao akaanza kupita njia za uchochoroni ili asikutane na majirani.

Koleo alikuwa fundi kwa miaka kumi na mmoja. Gari la kaka yake alilivuta mwenyewe. Akatia kidole ndani ya bomba nyuma ya chujio, mahali ambapo hata chembe haitakiwi kuwepo, kikatoka cheupe mpaka pingili ya pili. Hapo hapo akala kiapo. Bingwa alipotafuta fundi wa kumsindikiza kukagua njia ya mashindano ya magari, pasipo kujua ni dada wa nani, Koleo alikubali kabla Bingwa hajamaliza kueleza. Asubuhi ya kuondoka alifungua boneti, akaliona koni jekundu, kavu kama siku lilipotoka kwenye boksi. Akaifunga boneti polepole. Hakuharibu kitu. Alinyamaza tu, na ukiniuliza mimi, kunyamaza kule kulikuwa na meno.

Pikapu ikazimika katikati ya weupe wa vumbi. Dhoruba iliwapiga nusu saa nzima. Vumbi laini lilipenya kwenye mipira ya milango, likajaa masikioni, likageuka tope kwenye pembe za midomo. Lilipotulia, Bingwa alishuka kwa haraka, akafungua boneti na kushika bomba la turbo kwa mkono mtupu. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Alipiga ukelele, akarudi nyuma, akajigonga kwenye dumu la maji lililofungwa ubavuni mwa gari, likalia tupu. Ndipo wakaona. Dumu lilikuwa na ufa chini tangu gari liliporuka shimo asubuhi, na njia nzima ilikuwa imeshakunywa karibu lita ishirini.

Koleo alilitikisa dumu, hata tone. Hilo hakulipanga.

"Tuna chupa ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Leta mkono."

Alimfunga kiganja kwa kitambaa safi, bila upole na bila ukali. Kisha akalegeza klipu, akalitoa koni, akaingiza kidole kwenye bomba. Akamwinulia Bingwa kile kidole cheupe usoni.

"Hili ni nini?"

"Vumbi. Porini kuna vumbi, bibie."

"Nyuma ya chujio?"

Bingwa akalichukua koni, akalipangusa kwa shati.

"Unamkumbuka dereva wa wapima ardhi?" Koleo alisema. "Yule uliyesema ni mlevi. Tumezaliwa tumbo moja."

Rangi ilimtoka mwanamume yule. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kama anayetafuta sura ya mtu mwingine, na bila shaka akaiona.

"Umenileta huku uniue?"

"Umejileta mwenyewe, na chujio lako. Injini hii imekula vumbi lakini haijafa. Ikivuta hewa safi itawaka, itatufikisha. Naweza kuitengenezea chujio kwa vitu vilivyomo humu humu. Saa tatu zinanitosha. Ila nitaanza ukikubali kusimama yadini, mbele ya madereva wote, useme ulichomfanyia kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa mzembe."

Koleo akaketi kivulini, akakunja mikono.

Walikaa hivyo mpaka siku ya pili, watu wawili wazima, chupa tatu za maji, na ukaidi wa kutosha kijiji kizima. Walikunywa kwa kifuniko. Jua lilipanda likaganda. Ulimi wa Koleo ulivimba, akaanza kusikia sauti ya maji ndani ya kichwa chake, na bado hakuinuka. Nisikufiche, alimwonea raha. Kila Bingwa alipolamba mdomo uliopasuka, alimwona kaka yake akilamba wake, na kitu kifuani kikasema bado, bado kidogo.

Asubuhi Bingwa alichukua chupa moja, akaelekea magharibi.

"Kule hakuna kitu," Koleo alimwambia. "Yadi iko kaskazini, kilomita tisini."

"Kuna mti. Nauona."

Alirudi saa nne akitembea kwa magoti na mkono mmoja. Chupa ilikuwa tupu. Mti ulikuwa kivuli cha hewa moto. Alilala kifudifudi chini ya gari, na maneno yalipomtoka yalikuwa makavu, moja moja.

"Alirudi dukani. Wiki moja kabla. Akasema chujio linapitisha vumbi, nimrudishie kasha lake la kiwandani. Nilikuwa nimeshaliuza. Nikamcheka mbele ya wateja. Nikamwambia aoge, vumbi liko kwenye macho yake."

Koleo hakujua hili. Miezi yote kumi na minne alidhani kaka yake alidanganywa akadanganyika. Kumbe alijua. Aliingia uwandani akijua, kwa sababu kazi ilimngoja na hakuwa na kasha jingine. Na jana asubuhi yeye mwenyewe, Koleo, aliliona koni kavu akafunga boneti, akaingia garini akijua. Hasira ilimpanda, na safari hii hakujua aielekeze kwa nani.

"Utasema yadini?"

"Nitasema. Niapishe utakavyo."

"Sihitaji kiapo chako. Shika kisu, chana kiti."

Wakachomoa sponji ya kiti cha abiria. Koleo aliikata vipande viwili, akavilowesha kwa oili ya akiba, kisha akavikamua, akavikamua tena mpaka havidondoshi tone, maana injini ya dizeli ikinywa oili hukimbia yenyewe na huwezi kuizima. Alitoboa kitako cha debe la oili matundu mengi, akavishindilia vipande ndani, kimoja juu ya kingine. Juu ya keria kulikuwa na bomba pana la plastiki, ambamo Bingwa aliweka nguzo za turubai. Wakazitoa nguzo, wakaliunganisha bomba na debe, na debe na injini, wakalifunga wima kando ya kioo cha mbele, mdomo wake ukafika juu ya paa na kuangalia nyuma, ambako vumbi ni haba. Kila kiungo alikizungushia vipande vya tyubu ya gurudumu, akavuta mpaka vidole vikaota malengelenge. Bingwa alishikilia kwa mkono wake mzima. Hawakusemezana ila "hapa", "vuta", "bado".

Injini iligoma mara nne. Mara ya tano ikashika, ikitetemeka, bila mngurumo wowote wa fahari. Waliendesha kwa gia ya pili, na kila nusu saa Koleo alisimama, akafungua kiungo, akatia kidole. Kilitoka safi. Maji yaliisha kilomita thelathini kabla ya lami.

Waliingia yadini alasiri, na hakuna aliyewasikia wakija. Madereva walipowaona walikimbia na maji, wakawashusha. Bingwa akapewa kiti. Baada ya kikombe cha kwanza sauti ilimrudia, na tabia pia.

"Tumeponea chupuchupu," alianza. "Gari likatugomea, nikaona hapa lazima nibuni kitu. Nikachana kiti..."

"Endelea," alisema Koleo. Hakupaza sauti.

Bingwa alimtazama, kisha akatazama kiganja chake kilichofungwa. Akakiweka kikombe chini. Akasema yote: sponji kavu, kasha lililouzwa, kicheko mbele ya wateja, uongo juu ya marehemu. Dereva mmoja alienda akafungua boneti ya gari lake, akatia kidole nyuma ya chujio, akakitazama. Wengine wakafuata, boneti moja baada ya nyingine.

Msimamizi wa yadi alikuwa akihesabu magari kwa macho. Akasimama ghafla.

"Gari la Mpole halipo, kaondoka saa sita," alisema. "Kafungiwa koni hilo juzi. Yuko na mkewe."

"Njia ipi?"

Alinyoosha mkono kusini, uwanda ule ule walikotoka, ila kwa njia ya mashariki.

Koleo alikuwa na alichokitaka. Jina la kaka yake lilikuwa safi mbele ya watu, na angeweza kuketi pale kivulini anywe maji mpaka usiku. Aliinuka, akaomba gari lenye kasha la kiwandani na madumu manne ya maji.

"Mleteni na huyu," alisema, akimwonyesha Bingwa.

"Uliniambia nikisema tumemalizana," Bingwa alilalamika.

"Nilikwambia nitatengeneza chujio. La kumalizana umeliongeza wewe." Akamtupia spana mapajani. "Umefunga machujio mangapi?"

"Sijui. Hamsini. Sitini."

"Kunywa maji, kisha upande. Tunaanza na la Mpole."

Bingwa alitazama uwanda. Akanywa kikombe cha pili chote, akachukua spana kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akapanda garini.