Hesabu ya Mlangoni

Jambo la kwanza kuharibika siku ile lilikuwa dogo sana: Chiriku alinyamaza.

Asiyemjua mtoto yule hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Alikuwa na miaka minane, na tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo zaidi ya muda wa kumeza maji. Maswali yake yalimfuata mama yake mpaka mlango wa choo. Ndiyo maana akaitwa Chiriku, na wala hakuokota mbali, kwa sababu baba yake, mtembeza wageni, mji mzima ulimwita Kasuku. Kwa miaka sita alikuwa akisema maneno yale yale, mahali pale pale, na kuchekea pale pale.

Mji wenyewe ni mdogo. Ukiwa na viatu vizuri unaumaliza asubuhi moja: lango la bahari, mizinga minne iliyoota kutu, kisima kilichofunikwa wavu ili wageni wasidondoshe simu zao, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Vilivyobaki ni maduka ya vikapu na watu wanaokutazama mfukoni. Kitu pekee ambacho wageni walienda kukisimulia kwao ni Nyumba ya Tajiri, na sifa hiyo ilikuwa ya Kasuku. Bila mdomo wake ile ni nyumba chakavu yenye popo.

Chini ya nyumba hiyo kuna ghala la mawe, lina mlango mmoja na halina dirisha. Humo Kasuku alisimulia habari za bibi harusi wa tajiri, aliyefia mle akiwa na pete kidoleni. Uongo mtupu. Aliutunga mwenyewe siku moja ya mvua, alipoona wageni wanapiga miayo. Akifika kwenye pete alizima taa na kupaza sauti: "Mwenye nyumba! Sisi tunatoka. Kama umechoka kukaa peke yako, fuatana nasi!" Wageni walipiga kelele, wakacheka, wakaanza kupapasa ukuta kuelekea mlangoni. Kasuku alisimama hapo gizani na kuwahesabu kwa kuwagusa bega mmoja mmoja. Halafu yeye alitoka wa mwisho, akavuta mlango.

Kuhesabu ilikuwa sheria. Mwaka fulani mgeni mmoja alisahauliwa ndani, akafungiwa mpaka asubuhi, na tangu hapo mama aliyekaa getini, Mama Tiketi, aliandika walioingia na waliotoka. Namba zikilingana, amani. Kila siku alimtania Kasuku: "Na wewe mbona hujihesabu?" Naye kila siku alijibu: "Mimi si mgeni, mama. Mimi ni samani ya humu."

Siku ile shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Kasuku alimchukua binti yake kazini. Wageni kumi na watatu, na Chiriku wa kumi na nne. Mtoto aliyasikia matani ya getini, akayadaka hapo hapo.

"Baba, kwa nini hujihesabu? Ukibaki ndani nani atajua?"

Wageni wakacheka. Kasuku akaona mtoto anamwibia kazi.

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Nitakujibu tukitoka."

Waliingia kumi na wanne. Ghalani taa ikazimwa, mwenye nyumba akaitwa, watu wakapiga kelele. Kasuku akagusa mabega kumi na manne. La mwisho lilikuwa la chini, la mtoto, nalo lilikuwa na ubaridi wa ukuta. Alidhani ni jasho. Mama Tiketi akaandika kumi na nne, akafunga daftari.

Na Chiriku hakudai jibu lake. Alitembea mpaka nyumbani bila kuuliza hata kwa nini mbwa wana mikia.

Mama yake alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa dirishani kwenye chumba cha mbele. Alipomwona mtoto ameketi kwenye kiti, mikono magotini, anatazama ukuta, aliacha kushona.

"Mmemlisha nini huyu huko? Mbona kama amemwagiwa maji?"

"Amechoka," Kasuku alisema. "Leo nimewatembeza hasa."

"Ananuka chokaa. Chokaa mbichi, kama nyumba iliyopakwa jana."

Wakati wa chakula Kasuku alikuwa na furaha zake, akawa anamsimulia mkewe jinsi mgeni mmoja mnene alivyoruka alipoisikia habari ya pete. Chiriku hakuwa amegusa sahani. Akasema taratibu, bila kugeuza shingo:

"Hakukuwa na bibi harusi."

Kijiko cha Kasuku kikasimama hewani.

"Nani kakwambia?"

"Hakukuwa na bibi harusi," mtoto akarudia. "Kulikuwa na mimi tu."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mwenzake naye acheke. Kasuku hakucheka. Yeye na Mungu wake tu ndio waliojua kwamba bibi harusi alikuwa wa kutunga, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Asubuhi iliyofuata mama alimsimamisha binti kwenye mwanga wa dirisha ampime gauni la shule. Alipima mkono, akapima bega, vipimo vikawa vile vile. Akauzungusha utepe kifuani, akausogeza mpaka ukashika, akangoja mtoto avute pumzi, kwa sababu mshonaji yeyote anajua kwamba nguo ya mtoto hupimwa pumzi ikiwa ndani, la sivyo itambana. Akangoja. Utepe haukusogea. Akadhani mtoto anacheza, anabana pumzi kumwudhi, akamwambia avute, na mtoto akamtazama kwa macho yaliyotulia kabisa, na mama akaendelea kungoja, vidole vyake kwenye utepe, akisikia saa ya ukutani na gari lililopita nje na jirani aliyekuwa akisugua sufuria, mpaka yeye mwenyewe akahisi kifua chake kinamwaka, ndipo akagundua kwamba naye amesahau kupumua, na kwamba kitu alichokifunga utepe hakikuwa kinasubiri pumzi, kilikuwa hakiihitaji.

Aliufungua utepe polepole, akasema "haya, kacheze," akatoka uani. Kasuku alikuwa anapiga viatu rangi.

"Yule si mwanangu," alinong'ona.

"Wewe, taratibu."

"Hapumui. Nimempima. Baba Chiriku, umeniletea nini nyumbani? Na wangu umemwacha wapi?"

Kasuku alitaka kumkatalia. Alilikumbuka lile bega la baridi. Aliketi chini pale pale, burashi mkononi, akalia.

Walifunga mlango kwa nje wakakimbilia kwa Bibi Mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya mji kabla hajastaafu, na ambaye watu walimpelekea mambo waliyoona aibu kuyapeleka hospitali. Hakuwa mpole. Aliwasikiliza huku akiosha vyombo, akamgeukia Kasuku na sahani mkononi.

"Miaka sita unamwita mtu afuatane nawe. Leo amefuata, unashangaa nini?"

"Bibi, ulikuwa mzaha."

"Mzaha kwako. Yeye nani alimwambia?" Alifuta mikono. "Hawa wanaokaa kwenye nyumba tupu hawatoki hivi hivi. Wanahitaji nafasi ya mtu. Wewe ulihesabu kumi na wanne, naye akaingia kwenye kumi na nne yako. Hukutazama nyuso, ulitazama namba. Mtoto wako yumo mle mpaka sasa."

Mama akashika ukuta. "Yu hai?"

"Yu hai. Lakini siku ya tatu atakuwa ameshalizoea giza, na mkimwita hataitika. Kwa hiyo ni leo, mchana huu, na huyo aliye nyumbani mje naye. Sikiliza, wewe mwenye mdomo. Mle ndani usitaje namba yoyote. Kila atakayetoka umwite kwa jina, aitike, umshike uso. Kila mtu. Asiyeitwa, nafasi yake iko wazi."

Walikwenda saa ya chakula, Nyumba ya Tajiri ilipofungwa. Mama alikishika kile kitu mkono njia nzima, na watu waliwasalimia, wakamsifu mtoto kwa utulivu wake. Mama Tiketi, aliyekwisha kuambiwa, alitoa ufunguo bila kutazama chini. Kwa mazoea mkono wake ulienda kwenye daftari.

"Wan..."

"Leo usiandike," Bibi Mkunga akamkata.

Ghalani walizima taa, maana hivyo ndivyo yule mwenye nyumba alivyotoka, na hivyo ndivyo alivyotakiwa kurudi. Giza lilikuwa lile lile alilolizoea Kasuku, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kucheka. Harufu ya chokaa ilipanda kooni.

"Anza," Bibi Mkunga alinong'ona.

"Chiriku," Kasuku aliita. "Chiriku, mwanangu."

Ndipo wakasikia sauti ikijibu kutoka kona ya ndani, nayo ilikuwa sauti ya Kasuku mwenyewe, nene, ya kazini, yenye kicheko chake cha kila siku mahali pake pa kila siku: "Karibuni wageni, angalieni vichwa, mlango ni mfupi," ikaendelea na habari ya tajiri, na ya harusi, na ya pete, haikuruka neno, ikizunguka ukutani karibu zaidi na zaidi, na mama akahisi mkono alioushika unazidi kuwa mzito, unakuwa jiwe, halafu haupo, amebaki ameshika hewa yenye unyevu, naye akapiga ukelele, na Kasuku akawa anaita juu ya sauti yake mwenyewe, anaita huku sauti ile ikimkaribia na kumsemea sikioni, "Sisi tunatoka, kama umechoka kukaa peke yako," anaita mpaka sauti ikamkauka, na chini kabisa, karibu na sakafu, kitu kidogo kikakohoa.

"Baba? Mbona umechelewa hivyo? Na huyu mtu anayeiga sauti yako ni nani?"

Kasuku alipiga magoti akapapasa. Alishika nywele, shavu lenye machozi, mdomo wenye pengo la jino lililong'oka wiki iliyopita. Pumzi ya moto ilimpiga kiganjani. Aliibusu ile pumzi.

"Mlangoni! Haraka!" Bibi Mkunga aliamuru.

Kasuku alikwenda kusimama pale alipozoea kusimama. Hakutaja namba. Alimwita mkewe, akaitika, akamshika uso, akapita. Alimwita Bibi Mkunga, akaitika kwa hasira, akamshika uso, akapita. Alimwita Chiriku, akaitika mara tatu kwa sababu hajui kuitika mara moja, akamshika uso wote kwa mikono miwili, akapita. Naye akageuka, kama alivyofanya miaka sita, atoke wa mwisho na kuvuta mlango.

Nje jua lilikuwa kali. Mama alikuwa amemkumbatia mtoto hata hawezi kumwachia, akimnusa shingo, akicheka na kulia. Mlango ulichelewa kidogo kufungwa. Si sana; kiasi cha mtu kutafuta kitasa. Kisha Kasuku akatoka, akijifuta vumbi mabegani.

"Wote?" Bibi Mkunga aliuliza.

"Wote," alisema.

Mama Tiketi alipiga kufuli mbili. Bibi Mkunga alimwonya Kasuku kwamba ile hadithi imekufa leo, na Kasuku akakubali kwa kichwa. Walirudi nyumbani kwa vichochoro, mtoto katikati, maswali yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka: kwa nini giza halina sauti, kwa nini alihisi njaa halafu ikaisha, kwa nini popo hawaanguki. Mama alijibu yote. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuona kuwa ni yeye peke yake anayejibu.

Nyumbani aliweka chakula. Chiriku alikula sahani mbili, akaongea na mdomo umejaa, hakuna aliyemgombeza. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, ulisema utanijibu tukitoka."

Kasuku alikuwa ameketi, mikono magotini, akitazama ukuta.

"Lile swali langu. Na leo tena umeita watu wote, wewe hujajiita. Kwa nini?"

Hakujibu. Sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mama alisimama taratibu, akamwambia Chiriku aende kwa jirani, sasa hivi, asivae hata viatu, na mtoto kwa mara ya kwanza maishani akatii bila kuuliza. Mama akauchukua utepe kutoka juu ya cherehani.

"Simama, Baba Chiriku," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kawaida. "Nikupime shati."

Alisimama. Mama akauzungusha utepe kifuani, akausogeza mpaka ukashika, akaweka vidole juu yake, akamwambia avute pumzi. Chokaa mbichi ilimjaa puani. Kwa jirani alimsikia Chiriku akianza kuuliza. Akangoja.