Kifungo cha Tatu

Jua lilikuwa linazama nilipogundua kwamba koti langu la mdahalo limepungukiwa na kifungo kimoja, cha tatu kutoka juu. Ndege ilikuwa saa nne usiku, teksi ilikuwa njiani, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha bweni, namulika uvunguni kwa tochi ya simu.

Pacha alikuwa ananicheka. Si pacha wangu wa kuzaliwa. Chuo kizima kilimwita hivyo kwa sababu miaka mitatu tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, tukasimama jukwaa moja. Kwenye mashindano ya ng'ambo mimi nilikuwa msemaji pekee, yeye akiba. Viza zetu zilitoka siku moja, lakini tiketi ilikuwa yangu. Angekwenda yeye endapo tu mimi ningeshindwa. Sikuwahi kuona jambo hilo likimuuma, mimi ninayejisifu kusoma nyuso za wapinzani.

"Lete hapa," akasema.

Akatoa kifungo mfukoni mwake. Vyangu ni vya buluu. Hiki kilikuwa cheusi, kizito, baridi kama kimetoka kwenye maji. Akakishona, akakata uzi kwa meno. Nje ya uwanja wa ndege alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Ongea na watu humo ndani," akaninong'oneza. "Wewe ukikaa kimya unaingiwa na hofu."

Nikadhani huo ni upendo.

Ndege ikachelewa. Kwenye ukumbi wa kusubiri nilikaa karibu na fundi wa lifti, bonge la mtu mwenye mizaha, aliyepata mkataba wa miaka miwili ng'ambo. Aliniambia ametengeneza lifti tangu ujana wake lakini ndege anaiogopa, maana lifti ikikwama angalau unagonga mlango. Nikacheka mpaka mhudumu akatugeukia. Akanigawia biskuti. Nikamweleza kuhusu mashindano, nchi ishirini na sita, na hotuba yangu ya ufunguzi niliyoilalia na kuiamkia miezi minne. Alisema mdogo wake wa kike naye ana mdomo, ila hakuna aliyemlipia nauli kwa ajili hiyo.

Kisha nikasikia harufu.

Harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi... na chini yake, kitu kibichi.

Mama mmoja alikuwa amekaa kiti cha mbele yetu, magoti yake yanakaribia kugusa yangu. Sikumwona akija. Alivaa koti refu jeusi, na kwenye mstari wa vifungo vyake kimoja hakikuwepo. Uzi ulikuwa unaning'inia.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alitazama kifungo changu cha tatu, halafu akatazama mdomo wangu.

"Wanasema wewe ni msemaji," akasema taratibu. "Mimi sioni."

Nilipaswa kujiuliza waliosema ni akina nani. Lakini mtu akikuchokoza mbele ya hadhira, hata hadhira ya fundi mmoja na pakiti ya biskuti, unanyamaza vipi? Mimi sijui kunyamaza. Nikamjibu. Akadai wasichana wa siku hizi wana kelele, hawana hoja. Nikampa mifano mitatu. Akadai darasa halimpi mtu ulimi. Nikaivunja hoja hiyo vipande vipande. Hakubisha hata mara moja. Kila nilipomaliza alitabasamu, na koo lake likatoa mlio mdogo, kama wa mtu anayemeza.

Glu.

Nilikuwa nashinda. Nawaambia ukweli, sijawahi kushinda vile. Na kila niliposhinda sauti yangu ilikwaruza, ikashuka. Nikadhani ni kiyoyozi.

Fundi alikuwa ameacha kutafuna.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "usimjibu."

Nikamwambia, kaka, ngoja kwanza, namalizia hoja.

Akanishika mkono. Wake ulikuwa umelowa jasho. "Mtazame mdomo wake. Kila ukisema, nao unasema pamoja nawe."

Nikatazama.

Nikasema neno moja tu, "Hapana." Midomo yake ikatamka hapana. Si baada yangu. Pamoja nami.

Nikafunga mdomo. Nikahesabu pumzi. Moja... mbili... Spika za ukumbi zilitangaza kitu, sikuelewa. Mama yule akanisogelea, ile harufu ikanijaa puani.

"Mwenzako aliniambia hutaweza kunyamaza."

Nawaapia nilijua. Nilijua kabisa. Lakini ilinibidi nisikie.

"Mwenzangu yupi?"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho.

Glu.

Akanyoosha vidole viwili, akakichomoa kifungo kwenye koti langu kama anayechuma tunda. Akasimama.

"Asante, binti," akasema.

Kwa sauti yangu.

Hakuelekea kwenye ndege. Alirudi tulikotoka, kwenye mlango wa ukaguzi ambao hakuna abiria anayeruhusiwa kuutokea. Hakuna aliyemzuia.

Mlangoni pa kupandia ndege mhudumu aliniuliza kama ninajisikia vizuri. Nikafungua mdomo. Upepo mtupu. Daktari wa uwanja akanizuia kusafiri. Fundi alipita na begi lake, akanibonyeza bega, hakuthubutu kunitazama usoni.

Pacha aliondoka kesho yake. Alinitumia ujumbe: pole sana, nitasema kwa niaba yetu. Nilimwandikia swali moja, kifungo kile alikitoa wapi. Akalisoma. Mpaka leo hajajibu. Madaktari watatu wamenichungulia kooni. Wote wanasema ni zima, mmoja anasema ni mshtuko.

Fainali ilirushwa moja kwa moja. Niliitazama jikoni kwetu kwenye simu, mama akiosha vyombo, amenipa mgongo. Pacha akapanda jukwaani. Koti lake lilikuwa na vifungo viwili vya buluu, na cha tatu cheusi. Akafungua mdomo.

Sahani ikamponyoka mama kwenye maji. Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema. "Umepona?"

Nilishindwa kumgusa. Kamera ilikuwa imegeukia hadhira. Safu ya mbele, koti refu jeusi. Uso wake umeinuliwa kwa Pacha, na midomo yake inacheza, neno kwa neno.

Nikamwandikia Pacha haraka: nyamaza, usiendelee kusema.

Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kutuma mpaka alipomaliza hotuba yangu. Watu walisimama, wakampigia makofi.

Ujumbe ule bado ninao. Sikuutuma.